Hema la Okko

Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
dirisha limefumba macho kwa barafu,
nami, Tuulikki, mwanamke wa miaka hamsini na tatu,
nimepiga magoti mbele ya hema jeusi
chumbani kwa mwanangu, hapa Kajaani,
natafuta namna ya kupunguza joto.

Cheka. Hata mimi nimecheka.

Okko yuko jeshini tangu Januari.
Ameniachia mipilipili sita
na maagizo mgongoni mwa bahasha ya bili ya umeme:
maji kila siku ya pili, taa iwake saa kumi na nne,
na mstari wa mwisho, umepigiwa wino mara mbili:
Mama, joto lisipite ishirini na nane.

Bahasha haikusema joto hupunguzwaje.

Siku ile kipimajoto kilisoma thelathini na sita.
Maua meupe yalidondoka moja moja,
bila kelele,
kama vifungo vya shati lililochakaa.
Nikafanya ambalo mama yeyote angefanya:
nikafungua zipu, nikafungua dirisha,
nikaenda kulala.

Asubuhi, mpilipili wa pembeni ulikuwa umejilaza,
majani meusi, teketeke,
kama mboga iliyosahauliwa chunguni.
Nikautia kwenye pipa la maganda ya viazi.
Sikumwambia.

Basi nikaanza kujifunza hewa.
Jina langu lina upepo ndani yake, kwa lugha yetu,
na bado sikuwa nikizijua tabia zake:
kwamba ya moto hupanda ikajibanza juu,
kwamba haipendi kusukumwa, hupenda kuvutwa,
kwamba mgeni haingii
mpaka yule wa jana aonyeshwe mlango.

Feni nikaitundika juu kabisa, kwenye fito,
kwa kamba za viatu vya Okko vya kutelezea barafuni,
vile vilivyombana alipofika darasa la sita.
Bomba la bati laini nililipinda mara tatu,
feni ikakoroma.
Nikalinyoosha, ikapumua.
Sikulitoa nje; barafu ingeuziba mdomo wake
kabla ya usiku wa manane.
Nililielekeza koridoni, na tangu hapo
pumzi ya pilipili inanikaushia soksi za sufu.
Chini nikaacha kijidirisha cha wavu, upana wa kiganja.
Feni ndogo nikaiweka kati ya majani,
iyatikise tu, isiyapige.

Nikavuta zipu.
Kuta za hema zikabonyea ndani, kidogo,
kama tumbo la mtu anayepimwa suti.

Thelathini na nne.
Nikakalia ndoo niliyoipindua.
Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na moja!
Nikaipandisha taa inchi nne.
Ishirini na tisa.
Nikala mkate mikononi, sikutaka kuondoka.
Ishirini na saba.

Mlango ukagongwa: Armas, wa ghorofa ya chini.
"Dari langu linanguruma," akasema,
"na dirisha lako lina rangi ya zambarau.
Nauliza tu."
Nikamfungulia hema. Akachungulia muda mrefu.
"Ni pilipili," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa habari.
Kesho yake alirudi na vipande viwili vya mpira
vya mashine yake ya kufulia,
akavibana pale feni inapogusa fito.
Kelele ikashuka, ikawa kama paka aliyeshiba.

Jumapili Okko alipiga simu kutoka porini.
Wanalala kumi hemani, jiko la kuni katikati,
zamu yake ya kulinda moto ni saa tisa usiku.
"Ukisinzia," akasema, "wote mnaamka na barafu nyusini."
"Kwangu ni ishirini na saba," nikamwambia.
Akacheka, kisha akauliza:
"Na yote sita ni mizima?"

Nikavuta zipu,
nikaisogeza simu karibu na feni,
asikilize.