Siku ya Nne, Kidonge cha Saba

Kidonge cha saba nimekimeza saa moja asubuhi
kwa maji matupu na kipande cha gonja kilicholala.
Maziwa yalikuwa pale pale, kwenye mtungi wa mti,
yamefukizwa vizuri, yananukia moshi wa nyasi,
nikayatazama kama ndugu aliyesimama ng'ambo ya mto.
Ngoja saa mbili zipite, alisema nesi Kembabazi,
maziwa huishika dawa mkono, hayaiachi iingie damuni.
Lakini hapa ni Rushere!
Kumkataza mtu maziwa ya asubuhi
ni kama kumkataza kuitikia salamu.

Vimebaki ishirini na kimoja.
Jana usiku nilivimwaga kitangani, nikahesabu mara mbili
kama mtu asiyemwamini karani.

Usiku wa kwanza nilidhani nimeuziwa sumu.
Kliniki nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe,
nikarudi, nikameza,
na kufika saa tano meno yalikuwa yakigongana
kama pembe kwenye mlango mwembamba wa josho.
Blanketi tatu. Kisha jasho. Kisha blanketi tena.
Barigye akawasha tochi ya simu, akaniuliza, Tukurudishe?
Na nilikuwa nimeonywa, jamani.
Itapanda kabla ya kushuka, Kembabazi aliniambia,
vijidudu hivi havifi kimya.
Nami niliitikia ndiyo, ndiyo, nikifunga mkoba.
Onyo la mchana na baridi ya usiku
hazisemi lugha moja.

Miaka kumi na mmoja nawanyunyizia watu ng'ombe wao.
Namjua kupe wa sikioni, namjua wa chini ya mkia,
namjua yule mwenye miguu ya mistari anayekimbia ukimwona.
Nimewafokea vijana: geuza sikio, inua mkia, usiwe mvivu!
Nyuma ya goti langu sikutazama.
Alikaa huko akanywa, akashiba, akaondoka zake,
akaniachia kidonda cheusi
mfano wa buni iliyoungua kikaangoni.

Mwaka juzi ndama wa Mugarura alilala na homa.
Nikamchoma sindano, na kila saa simu ikalia:
Daktari, bado hajasimama. Daktari, bado.
Nikamjibu kwa mdomo mpana, nikitafuna karanga,
Dawa si kiboko, Mugarura, haimwinui mtu kwa kumchapa.
Ndama alisimama siku ya tano.
Leo maneno yale yamerudi, yamekaa kitandani kwangu
na karanga zake.

Ukutani kliniki wameandika: Subira huvuta heri.
Mimi hadi sasa imenivuta magoti na shingo.
Lakini nitasema kweli, maana hakuna anayenisikiliza:
jana kichwa kiligonga mchana kutwa,
leo kimeanza saa kumi na mbili, kikaacha katikati
kama jirani aliyekumbuka ana chungu motoni.
Sijui kama ni kupona. Sitaki kuliita jina hilo mapema.

Jua nalo nimekatazwa, dawa hii huchubua ngozi.
Kwa hiyo nakaa mlangoni na mikono mirefu,
kivuli kikisogea, nasogeza kigoda.
Kutoka hapa naona josho.
Amanya anawanyunyizia ng'ombe peke yake leo,
anarusha dawa migongoni kana kwamba anabariki harusi.
Masikio, Amanya! Masikio!
Sauti yangu haifiki hata kwenye kuku.
Bihogo anapita na masikio makavu,
nami nameza mate, na hasira, na mate tena.

Saa tatu kasoro dakika kumi.
Barigye anapita na mtungi, haniangalii,
anaujua udhaifu wangu.
Siku kumi zilizobaki siziwezi, nimeshajaribu kuzifikiria.
Dakika kumi naziweza.
Weka kikombe hapo karibu, namwambia,
usimimine bado.