Noti ya Marki Kumi

Mjomba Mlugu, fundi wa ishara, Stesheni ya Dodoma,
alipelekwa Ujerumani mwaka themanini na moja
kusomea nyaya, taa, na swichi zinazogeuza njia ya reli.
Akarudi na koti zito, alilolivaa Julai tu
upepo wa huku ukianza kuchana midomo,
bisibisi kumi na mbili,
na habari moja ambayo Majengo nzima iliikataa.

"Nimeona ngoma," alisema, "isiyo na mpigaji."

Wanaume wanne. Mashati mekundu, tai nyeusi,
nywele zimelazwa kama za makarani siku ya mshahara.
Wamesimama nyuma ya meza za vyuma.
Hawaruki, hawaiti, hata jicho hawapepesi.
Kidole kimoja kinashuka, ukumbi mzima unatikisika:
ti-ta, ti-ta, ti-ta,
kama behewa la mizigo linavyohesabu viungo vya reli
kati ya Kikombo na Ihumwa.
"Nikajua hawa ni wajukuu wa waliotulazia chuma.
Babu zao walileta reli na kiboko.
Wao wametupa kiboko, wakabakiza mdundo."

Tukacheka. Na alipofika kwenye masanamu
tulicheka mpaka tukashika mbavu:
eti pazia lilifungwa, likafunguka,
wale wanne hawapo, pamesimama midoli minne
yenye tai zilezile, inageuza shingo polepole,
na watu wanaishangilia kuliko walivyoshangilia watu.
Chedego wa zabibu alitaka kujua
mvinyo wa huko una nguvu kiasi gani.

Dada yake, Mama Sechelela, kiongozi wa muheme kule Mvumi,
hakucheka. Aliuliza neno moja:
"Walitoka jasho?"
Mjomba akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Hapana."
"Basi uliwatunzaje?"

Hapo ndipo.
Alikuwa na noti ya marki kumi, posho ya siku mbili.
Mdundo ulipomwingia magotini alisimama,
noti mkononi, kama mtu yeyote aliyelelewa,
akaenda mpaka mbele. Mlinzi akamrudisha kwa upole.
Lakini si mlinzi aliyemshinda.
Aliyaona yale mapaji kwa karibu: makavu kama vigae.
Noti haigandi penye ukavu.
Ingeanguka, na tunzo likianguka
aibu ni ya aliyetoa na aliyepewa.

Amekufa Machi, uwele ukiwa umenyauka shambani.
Nimerithi bisibisi. Na kopo la maziwa ya unga:
transista, risasi ya kulehemu,
na chini kabisa noti, imekunjwa mara nne.
Usiku ule nikatafuta kwenye simu. Bando liliisha mara mbili.
Ndio hao. Tai. Nywele. Midoli inageuza shingo.
Mjomba, hukutia hata punje ya chumvi.
Ilikuwa saa nane usiku,
sikuwa na wa kumwomba radhi.

Juni, Mvumi, ngoma ya mavuno machache.
Wanawake wameshika ngoma katikati ya magoti,
na Mama Sechelela mbele yao, miaka sabini na mitatu,
uso umetulia tuli, jicho halipepesi,
mikono pekee ndiyo yenye habari.
Nilishtuka. Utulivu huu nimeshauona,
nyuma ya meza ya vyuma.
Ila huyu alilowa. Jasho lilimshuka
likichora njia kwenye vumbi la mashavu.

Nikapenya. Nikaibandika noti pajini.
Ikaganda.

Hakukosa pigo. Akanong'ona bila kugeuza shingo:
"Hela gani hii?"
"Ya Wadachi. Ya kaka yako. Haitumiki tena dukani."

Akapiga manne yasiyokuwemo kwenye wimbo,
ti-ta, ti-ta,
wenzake wakamtazama kwa jicho la pembeni,
kisha akarudi kundini.