Pete ya Chupa

Gitaa la Wietske lilianguka mara moja tu,
Groningen, katikati ya wimbo wa tatu:
mkanda ulichomoka kwenye kifungo
nalo likatua sakafuni kwa shingo.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mbwembwe.

Baba yake, fundi baiskeli, hakusema pole.
Alifungua bia, akainywa taratibu, yote,
akaibandua pete ya mpira kiziboni, nyekundu,
akaivika kifungo, juu ya ngozi ya mkanda.
"Vuta."
Akavuta. Haukutoka.

Sasa baba hayupo. Pete imepauka, ina ufa.
Dukani zipo kufuli za chuma, bei si haba.
Kabla ya kupanda jukwaani huigusa kwa dole gumba,
kama mtu anayerudi kuujaribu mlango
aliokwisha kuufunga.