Mchele wa Usiku

Bi Rukia wa kliniki ya Tudor hakuniandikia vidonge.
Alinipa daftari na kalamu iliyotafunwa kisogo:
andika umelala saa ngapi, usijipendelee.

Kahawa chungu, mwisho adhuhuri.
Simu ilale kabatini na sahani.
Kitandani usipande kabla ya saa sita,
na saa kumi na moja, umelala hukulala, ondoka.

Nikamwambia: kreni za Kilindini zimenikesha
miaka kumi na minane;
usingizi hata jina langu haulijui.

"Basi jijulishe."

Wiki ya kwanza nilimchukia.
Usipokuja naamka, nakalia mbuzi jikoni,
nachambua mchele wa kesho kwa taa ya koroboi
hadi kope zilegee. Wakati mwingine hazilegei.
Mwanakombo akacheka gizani:
"Tangu unioe sijala wali safi hivi."

Usiku wa ishirini na tatu
feni ilikwaruza mara tatu.
Ya nne sikuisikia.

Mchana ule wali ulikuwa na mchanga.
Tulitafuna, kokoto zikalia menoni,
na hakuna aliyelalamika.