Nyota Mbili na Nusu

Struan kanifichia chini ya kaunta
katuni mpya, wino bado unanuka:
roboti mkunga kwenye mwezi wa Zohali,
kurasa tisini na sita,
bei yake sawa na mchele wa wiki.

Nimeisomea kwenye mashine za kufulia, Hilltown, Dundee,
shuka zangu zikizunguka, nje mvua ya Januari.
Nikaandika: michoro inang'aa,
maneno yamefurika viputo,
mwisho umekimbizwa kama mwizi.
Nyota mbili. Nikapiga mstari.

Mwanahawa, mtoto wa jirani,
miaka mitano, herufi hazijui,
akaweka kidole, si kwenye picha,
bali kwenye ufa mweupe kati ya picha mbili:
mlango umefungwa; mlango u wazi.
"Hapa ndipo alipolia," akasema.

Hakuna aliyechora kilio.
Nikarudi ukurasa wa kwanza,
na katika kila ufa nikamkuta mkunga
kainama, kakunja mikono ya chuma,
anafanya kazi niliyoiruka.

Mashine imesimama. Shuka zinapoa.
Nimemfuta yule mwizi,
nimeongeza nusu nyota.

Nusu tu.
Viputo bado vimefurika.