Laki Saba, Elfu Ishirini, Mia Saba na Ishirini

Sikuipanga. Iliniangukia tu,
Desemba tarehe tisa, kwenye kitabu cha akiba,
nikiwa mlangoni pa benki, Mtaa wa Mfangano,
watu wakinisukuma waingie:
720,720.
Mia saba ishirini ikijitazama kwenye kioo.

Usiku ule sikulala. Nilifundisha hesabu Makongeni
miaka ishirini na sita, namba nazijua kwa nyuso,
na hii niliitambua kama mtoto wa dada yangu.
Nikaigawa kwa mbili, ikakubali.
Kwa tatu, kwa nne, kwa tano, ikakubali.
Kwa saba, ambayo huwanyima wengi,
kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu,
mpaka kumi na sita: kila mlango ulifunguka,
haikubaki hata chembe ya kumtupia kuku.
Nyuma ya pakiti ya unga niliwaandika wagawanyi wake wote,
mia mbili na arobaini,
na hakuna namba iliyo chini yake
yenye jamaa wengi hivyo.
Ukiwajumlisha hao, yeye mwenyewe ukimwacha nje,
wanamzidi mara tatu na ushee.
Namba tajiri, nikamwambia paka.

Jumapili, Jericho, nyumbani kwa Gathoni,
chapati chini ya kitambaa, meza yenye mguu mfupi.
Nikawaambia: wenzangu, fedha hii
ingetuvumilia tungekuwa sita, tungekuwa kumi na wawili;
tungekuwa kumi na sita, kila mmoja angebeba
elfu arobaini na tano na arobaini na tano.
Atsango akauliza, "Kwani tuko wangapi?"

Tuko kumi na saba.
Na kumi na saba, nikasema kama nilivyozoea ubaoni,
ni namba tasa.

Chumba kikanyamaza.
Neno hilo mama mkwe wa Kwamboka alilitumia
mbele ya majirani, mwaka ule alipomrudisha Keroka
na sanduku moja.
Kwamboka, wa kumi na saba, aliyejiunga Machi,
ambaye mchango wake haukukosa hata wiki moja.
Mkono wangu ukatafuta kifutio. Ubao haukuwepo.

"Maana yake nini, mwalimu?" akauliza yeye mwenyewe.
Nikasema: ni ile isiyogawanyika
ila kwa moja na kwa yenyewe.
Haikupatikana kwa kuzidisha wadogo.
Hizo nyingine zote, kuanzia nne kwenda juu,
hata hii tajiri yetu,
zimejengwa kwa tasa: mbili, tatu, tano,
saba, kumi na moja, kumi na tatu.

Akafikiri, akipangusa mafuta vidoleni.
"Basi walioniita hivyo," akasema, "hawakujua hesabu."
Tukacheka, Rukia mpaka akapaliwa na chai.

Tukagawa. Elfu arobaini na mbili,
mia tatu tisini na tano kwa kila mkono,
ikabaki sarafu ya shilingi tano
ambayo hakuna aliyejua la kuifanyia.
Atsango alitaka watoto wanunuliwe pipi.
Gathoni akasema ifungue mwaka mpya.
Kwamboka akaichukua, akainama,
akaisukuma chini ya ule mguu mfupi.

Meza ikaacha kucheza. Nikafungua daftari,
safu ya masalio, nikaandika 5,
na mbele yake: iko kazini.