Mgumba

Matunda yake, alisema muuza miche pale Urambo,
hayazidi kidole gumba,
na huliwa na maganda: ganda tamu, nyama chachu.
Kamkwati.
Jina halikukaa mdomoni mwa mama mkwe.
Mwaka wa nne akaupa lake:
Mgumba.
Hakuwa akiutazama mti.

Majani, lakini! Kijani cha kukaribia weusi.
Maua yalikuja machache, usiku,
asubuhi yapo chini kama wali wa kumwagika.
Nikamwagilia. Nikamwagilia tena.

Alfajiri moja nikamfuma Msonde amechuchumaa
na kopo la mbolea ya tumbaku.
"Kila mwezi?"
"Kila wiki," akasema, kama mwizi wa kuku.
"Nilitaka uzae kabla mama hajarudi Kaliua."

Kumbe tuliushibisha sote wawili, kila mtu kwa siri yake.
Mti ulioshiba majani haukumbuki mbegu.

Tukauacha. Juni, Julai, udongo ukapasuka,
ndoo nikaifunika nisiione.
Sijawahi kumwachisha mtoto ziwa;
nadhani hufanana.
Tukapogoa katikati, jua lipite.
Msonde akatundika mzinga kwenye mninga wa nyuma.

Novemba, mvua ya kwanza, maua,
na ndani ya maua ngurumo ndogo ya nyuki.
Kumi na moja yalishika.
Manne yakapukutika.

Mama mkwe alilishika moja kwa gumba na shahada,
akaligeuza, akitafuta pa kuanzia kumenya.
"Usimenye, mama," nikasema.
"Uma tu."